Salamu Kabla ya Kadi (Sehemu ya 6)

Mwangaluka, mama zangu wa Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega. Na wewe unayesoma jioni, mwadila.

Leo naongelea kitu kisicho na bei, wala hakiandikwi kwenye kadi ya kliniki, ila mimi naamini kinaokoa maisha. Salamu.

Najua kuna atakayesema, "Nesi, salamu nayo ni somo?" Ndiyo, ni somo. Huku kwetu Usukumani hatuna uchoyo wa salamu. Ukikutana na mtu njiani utamuuliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe, mpaka za mvua. Lakini hebu angalia benchi la kliniki asubuhi. Wanaofahamiana wanasalimiana kwa vicheko. Wanaosali pamoja wanapeana "Bwana Yesu asifiwe". Halafu anaingia binti mdogo, tumbo limeshaonekana, hana wa kumsindikiza. Benchi zima kimya! Macho yanampima kuanzia miguuni hadi kichwani.

Binti huyo akifika mezani kwetu, majibu ni mafupi. Kichwa kinauma? Hapana. Macho yanaona ukungu? Hapana. Mtoto anacheza? Anacheza. Anataka tu amalize aondoke. Na jamani, hayo siyo maswali ya kupoteza muda. Kichwa kuuma sana, kuona maruweruwe, uso na mikono kuvimba, inaweza kuwa dalili ya kuelekea kifafa cha mimba. Mashine ya presha inatusaidia, lakini mengine anayajua yeye mwenyewe tu. Na mtu hafungui moyo mahali ambapo hajapokelewa.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2016 kwamba mjamzito aonane na wahudumu wa afya angalau mara 8. Sasa aliyedharauliwa siku ya kwanza, hizo 7 zilizobaki atazijia kwa moyo gani?

Fungua Biblia yako, Luka sura ya 1. Mariamu, binti ambaye bado hajaanza kuishi na mchumba wake, ana mimba. Anasafiri mpaka nchi ya milimani kwa ndugu yake Elisabeti, mama mtu mzima, naye mjamzito. Anaingia, anasalimia. Luka anasema Elisabeti aliposikia salamu ile, mtoto aliruka tumboni. Mimba ya Elisabeti ilikuwa imefika kama miezi sita, umri ambao hata sisi kwenye kliniki tunawaambia akina mama kwamba mtoto anaanza kusikia sauti za nje.

Mimi kinachonigusa ni jibu la Elisabeti. Hatusomi popote kwamba aliuliza, "Mimba ya nani hiyo?" Alimbariki yeye na mtoto wake, akaona ni heshima kutembelewa naye. Mariamu akakaa pale kama miezi mitatu. Unaona? Mdogo alisalimia, lakini upendo ulionekana kwa namna mkubwa alivyoitikia. Sisi watu wazima tunapenda sana kudai shikamoo, kisha marahaba tunaitoa huku tunaangalia simu. Na binti akishindwa kusalimia kwa aibu, anza wewe. Hupungukiwi kitu.

Tena Yesu alilisema wazi kwenye Mathayo 5:47. Tukiwasalimia ndugu zetu peke yao, hatujafanya la ziada. Kwa hiyo "Bwana asifiwe" ya wana kwaya wenzako ni nzuri, lakini mtihani wako uko kwa yule asiyesali kwenu, Mwislamu, anayefuata mila, mke mwenza, au yule uliyesikia habari zake mtaani.

Na sisi manesi tusijifiche. Wapo wenzetu wanaoita, "Wewe wa gauni la kijani, njoo!" Wakiulizwa wanasema foleni ni ndefu. Foleni ni ndefu kweli, sibishi. Lakini "Karibu mama, umeamkaje?" inachukua sekunde chache, na inakuokolea dakika nyingi za kumbembeleza mtu aliyekwisha nuna. Paulo alikuwa na kazi nyingi kuliko zamu yetu ya usiku, lakini kwenye Warumi 16 anatuma salamu kwa watu zaidi ya 20 kwa majina yao. Mama yake Rufo anamsalimia kama mama yake mwenyewe. Majina yako kwenye kadi, tuyasome.

Jambo la mwisho, ukienda kumwona mzazi. Wengi wanaingia moja kwa moja kwa mtoto. "Jamani, kafanana na baba yake!" Mama amelala pembeni hakuna anayemuuliza kitu. Anza naye. Mpe pole, kisha muulize: umelala? Damu inatoka nyingi? Una homa? Unalia lia bila sababu? Ukisikia ndiyo kwenye damu au homa, msingoje kesho, mpelekeni hospitali. Hiyo ya kulia nayo msiipuuze, mwambieni nesi. Mtoto msalimie baada ya kunawa mikono kwa sabuni, na usimbusu mdomoni.

Wiki hii nakupa kazi moja. Ukifika kliniki, tafuta aliyekaa peke yake. Kaa karibu naye, msalimie, subiri ajibu. Akikwambia kitu kinachokutisha, mlete mezani kwetu hata kama namba yake bado.

Mbarikiwe, tukutane sehemu ya 7.