Ndoa Moja, Subira Mbili



Tangu zamani Wanyakyusa wa Rungwe na Wangonde wa Karonga, nchini Malawi, wameoana kuvuka Mto Songwe. Kanisa huibariki ndoa yao kwa kiapo kimoja, bali sheria huipimia subira mbili.

Kwa Sheria ya Uraia ya mwaka 1995, mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania aweza kuomba uraia wakati wowote mumewe angali hai. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana njia hiyo. Yeye huomba tajinisi kama mgeni mwingine yeyote: awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na jumla ya miaka 7 katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo.

Hivyo binti yetu hungoja miaka 8 kabla mumewe hajaweza hata kuomba. Kuwaambia "subirini" hakutoshi. Viongozi wa jumuiya wawahimize kutunza cheti cha ndoa na kila kibali cha ukaazi, maana hivyo ndivyo ushahidi wao. Nasi tuwaulize wabunge wetu: je, kiapo cha binti ni chepesi kuliko cha kaka yake?