Usimwambie asiogope

Mtu akimaliza matibabu ya saratani, sisi tunaomzunguka hufunga hesabu. Mionzi imekwisha, dripu ya mwisho imetundikwa, nywele zinaota, sadaka ya shukrani imetolewa kanisani au dua imesomwa nyumbani, na kila mmoja anarudi kwenye shughuli zake. Anayebaki na tarehe za kliniki ni yeye. Tarehe ikikaribia usingizi humpotea; mgongo ukimuuma baada ya kufua, hujiuliza kama ni mgongo tu. Na siku anapojikaza kumwambia rafiki yake kwamba anahisi ugonjwa umerudi, jibu analopewa huwa ni lile lile: acha mawazo hayo, wewe umeshapona. Nia ya jibu hilo ni njema. Lakini kazi yake ni moja tu, kumnyamazisha, na mtu aliyenyamazishwa hubaki na hofu yake peke yake.

Tukubali kwanza kwamba hofu hiyo ina msingi. Mwaka 2017 jarida la tiba la New England lilichapisha uchambuzi wa wanawake zaidi ya 62,000 waliougua saratani ya matiti ya aina inayochochewa na homoni ya estrojeni. Wote walikuwa wamemeza vidonge vya kuzuia homoni kwa miaka 5 na hawakuwa tena na dalili ya ugonjwa. Katika miaka 15 iliyofuata, uwezekano wa saratani kuibuka upya sehemu nyingine ya mwili ulikuwa takriban asilimia 13 kwa waliokuwa na uvimbe mdogo ambao haukufika kwenye tezi za kwapani, na asilimia 41 kwa waliokuwa na uvimbe mkubwa zaidi uliokwisha kuingia tezi 4 hadi 9. Tofauti ni kubwa, na wengi haikuwarudia. Hata hivyo, hakuna ambaye angeweza kuambiwa kwamba hatari imekwisha kabisa. Ahadi hiyo daktari haitoi; tunaitoa sisi majirani. Wala anayeogopa si mtu wa ajabu. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2022, uliojumlisha tafiti 46 na watu zaidi ya 9,000 waliougua saratani za aina mbalimbali, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu yao walikuwa na hofu ya kiwango cha kuangaliwa, na karibu mmoja kati ya watano alikuwa na hofu kali inayohitaji msaada wa kitaalamu. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na huyu wetu nyasi zenyewe anazibeba mwilini.

Kunyamazishwa kuna gharama. Mwaka 1998 watafiti wa Marekani Stephen Lepore na Vicki Helgeson walichunguza wanaume waliotibiwa saratani ya tezi dume. Waliokuwa wakisumbuliwa na mawazo ya ugonjwa, na wakati huohuo kuhisi kwamba wake zao, ndugu na marafiki hawataki kuyasikia, ndio ambao mawazo hayo yalihusiana zaidi na afya mbaya ya akili. Kwetu kuna gharama nyingine juu ya hiyo. Mtu akishaambiwa kwamba kuogopa ni kukosa imani, hataficha hofu tu. Ataficha na uvimbe. Tunapenda kuwaambia wagonjwa kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, kumbe sisi ndio tuliomfundisha kuficha.

Najua nitakachojibiwa: maneno huumba, na anayetaja ugonjwa anauita. Lakini mwaka 2007 mtafiti James Coyne na wenzake walifuatilia wagonjwa 1,093 wa saratani za kichwa na shingo, wakaona kwamba hali ya hisia zao haikutabiri nani angeishi muda mrefu zaidi. Imani hii ya kwamba maneno huumba ina sumu isiyosemwa: ugonjwa ukirudi kweli, mgonjwa ndiye anayelaumiwa kwamba aliuwaza. Kuhusu dini, aombe, na tuombe pamoja naye. Ila sala isitumike kama kifuniko cha mdomo. Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno, na hapo hawakukosea. Walianza kukosea walipofungua vinywa kumweleza kwa nini mambo yako vile.

Hoja nzito zaidi ni hii: kuizungumza hofu kila siku si kuilisha? Ina ukweli ndani yake. Ukikubali kumpapasa shingo kila asubuhi na kumhakikishia kwamba hakuna kitu, utulivu utadumu saa moja, kisha atarudi kuomba tena. Kumsikiliza si kumpima. Kinachofaa ni kumsaidia amuulize daktari dalili zipi ziripotiwe mara moja, zipi zisubiri na kwa muda gani, kisha jibu liandikwe na lifuatwe. Nje ya hapo, muulize anaogopa nini hasa. Pengine si kifo. Ni watoto, ni ada, ni kurudia ule mzunguko wa dawa na kutapika. Huko Australia, jaribio la tiba ya hofu hii lililochapishwa mwaka 2017, likiongozwa na Phyllis Butow, halikumwahidi mtu kwamba saratani haitarudi. Liliwafundisha washiriki kuhamisha fikra, kuikubali hali isiyo na uhakika na kuishi kwa yale wanayoyathamini, na hofu yao ilipungua kuliko ya wenzao waliofundishwa kutuliza mwili tu. Rafiki si mtaalamu wa saikolojia, na hofu ikimzuia mtu kula, kulala au kwenda kazini, mtaalamu atafutwe. Lakini mwelekeo ni huohuo.

Kisha kuna nauli. Anayetoka Kigoma kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam anasafiri zaidi ya kilomita 1,000, na anahitaji pa kulala, hela ya vipimo na mtu wa kubaki na watoto. Siku ugonjwa ulipotangazwa kundi la WhatsApp lilifunguliwa na michango ikamiminika. Sasa anakwenda kuchunguzwa tu, na kundi limenyamaza, ilhali kliniki hizo ndizo zinazoweza kuugundua mapema ugonjwa uliorudi. Kama una rafiki wa namna hiyo, muulize leo tarehe yake ijayo ni lini, changia nauli, mbebee bahasha ya majibu ya zamani, ukae naye kwenye foleni mpaka jina lake liitwe.