Uchungu wa moyo hauponi kwa sindano moja

MSOMAJI, huenda nawe unaye mtu ambaye akitajwa tu, moyo hukudunda na chakula kikakosa ladha. Basi makala haya ni yako.

Mama mmoja mjane alikuwa akija kwangu kwa ajili ya presha. Kila akipimwa, 170 kwa 100, ilhali twataka isifike 140 kwa 90. Nilimwongezea dawa, nikambadilishia, nikamkataza chumvi. Wapi!

Siku moja nikamuuliza: "Mama, usiku ukikosa usingizi huwaza nini?"

"Daktari," akajibu, "nahesabu mistari ya mahindi yangu ambayo wengine wanavuna." Shemeji zake walikuwa wamemnyang'anya shamba hata kaburi la mumewe halijakauka.

Mtu akighadhibika, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini na kotisoli. Moyo huenda mbio na mishipa ya damu hujikaza. Hiyo ni kinga nzuri ukifukuzwa na mbwa. Lakini ukifukuzwa na shemeji zako kila usiku ukiwa kitandani, mwili utapumzika lini? Sisemi kila presha huletwa na kinyongo, la. Yake ilikuwa ikichochewa nacho.

Kanisani alikuwa ameambiwa asamehe. Alisimama mbele, akaombewa, akalia, akarudi nyumbani akidhani amepona. Jumanne akawaona shemeji zake sokoni na hasira ikarudi yote. Tangu hapo akawa na mzigo wa pili: kwamba yeye ni Mkristo bandia.

Hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wahubiri wetu. Petro alipouliza kama kusamehe mara saba kunatosha, Yesu alimjibu saba mara sabini. Najua Bwana hakukusudia tuhesabu, lakini mimi nilihesabu: ni mara 490. Ukisamehe mara moja kwa siku, ni mwaka mmoja na miezi minne. Hiyo ni dozi ya ugonjwa sugu. Hata Yusufu hakuwakumbatia ndugu zake siku waliyofika Misri. Aliwaita wapelelezi, akamfunga Simeoni, akajitenga akalia. Kumbatio lilikuja baadaye sana.

Basi nilimshauri mama huyo amweleze Mungu jambo lote kila usiku, bila kulipamba. Daudi naye alinung'unika sana katika Zaburi zake. Kisha amkabidhi Yeye kisasi, alale. Kesho likirudi, aanze tena. Akina mama wenzake kanisani wakawa wakimwombea kila Alhamisi.

Sayansi nayo haipingi. Mwaka wa 2024 yalitolewa matokeo ya utafiti juu ya watu 4,598 katika sehemu tano za dunia, zikiwemo Afrika Kusini, Colombia na Ukraine. Waliopewa kijitabu cha mazoezi ya kusamehe walipungukiwa na huzuni na wasiwasi. Mazoezi hayo yalitungwa na Everett Worthington, mwanasaikolojia Mkristo wa Marekani, ambaye mamake mwenyewe aliuawa na mwizi nyumbani mwaka ulipokuwa ukigeuka kuwa 1996.

Kuna waliomwambia mama yule kwamba aliyesamehe haendi kortini. Nilimwambia aende. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, inamlinda mjane. Kusamehe ni kuacha kutamani mwenzako aumie, wala si kumwachia shamba lako. Na wale wanaowaambia wagonjwa watupe vidonge kwa kuwa wameombewa, nimeona kiharusi walichowaletea watu.

Ilichukua zaidi ya mwaka. Alipokuja juzi kipimo kilikuwa 138 kwa 86. Vidonge bado anameza, na kesi bado iko kortini. Akaniambia amekutana na shemeji mmoja njiani, akamsalimu.

"Yeye ndiye aliyeshtuka, daktari," akasema, akachukua kadi yake akaenda kungoja dawa.