Hakuna mirathi ya mtu aliye hai

  

Ndugu Waislamu, saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazowapata zaidi wanawake wa Tanzania, na wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea. Tuchukue mfano wa mama mjane wa Newala ambaye daktari amemwelekeza Ocean Road, Dar es Salaam, akapate tiba ya mionzi. Tiba hiyo kwa kawaida hutolewa siku tano kwa juma, kwa majuma kadhaa mfululizo. Hata pale gharama za hospitali zinapopunguzwa, iko nauli, yako malazi, kiko chakula cha mgonjwa na cha binti anayemuuguza. Mama hana fedha taslimu. Analo shamba lake la mikorosho, na korosho huvunwa mwishoni mwa mwaka. Maradhi hayangoji msimu.

Hapo watoto hukutana, mara nyingi pasipo yeye. Mmoja husema liuzwe. Mwingine hujibu kwamba wakiuza urithi wao na mama akafariki, watabaki mikono mitupu. Urithi upi? Katika sheria yetu mirathi hufunguka kwa kifo. Kabla ya hapo mtoto hamiliki hata mkorosho mmoja. Mama mwenye akili timamu akitaka kuuza ekari mbili ajitibu, hakuna mwenye haki ya kumzuia. Na akisema hataki, baada ya daktari kumweleza kinachotarajiwa, uamuzi ni wake pia. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mwanamke mwenye kifafa aliyemwendea Mtume (S.A.W.) amwombee dua. Mtume akampa hiari: asubiri apate Pepo, au amwombee apone. Alichagua subira.

Lakini asiyeambiwa atachagua nini? Desturi ya kumwambia mgonjwa kuwa ana uvimbe mdogo tu, huku ukoo mzima unajua, humnyima nafasi ya kutaja madeni yake, amana za watu na wasia wake. Saad bin Abi Waqqas (R.A.) alipougua sana alimwuliza Mtume kuhusu kutoa theluthi mbili za mali yake, akaelekezwa asivuke theluthi moja, na hata hiyo akaambiwa ni nyingi. Aliuliza kwa sababu aliijua hali yake. Na hakufa kwa maradhi yale. Aliishi miaka mingi baadaye.

Iko njia nyingine inayopendwa huko kusini: kuweka mikorosho rehani kwa mkopeshaji, naye akavuna korosho hadi deni lilipwe. Manufaa hayo yakishashurutishwa katika mkopo ni riba, hata tukiyaita msaada. Ni afadhali kuuza sehemu ya shamba.

Mama asipokuwa na mali ya kutosha, nafaka yake ni wajibu wa watoto wenye uwezo, wa kiume na wa kike. Si hisani, wala haimalizwi na kijana wa mjini kutuma fedha kidogo kwa simu kisha akamwachia dada yake usiku wote wa kuuguza. Kwa sababu ya wajibu huo mtoto hawezi kumpa mama yake zaka kwa fungu la mafakiri. Ila mama akiwa amekopa kwa ajili ya tiba na akashindwa kulipa, Mashafii wameruhusu apewe kwa fungu la wenye madeni, lililotajwa katika Surat Tawba aya ya 60, hata mtoaji akiwa ni mwanawe. Hospitalini nako wasione haya kumwona ofisa ustawi wa jamii mapema, kabla deni halijalimbikizana.

Tuliobaki nje ya familia tunalo la kujibu. Mama huyu akifariki, ndani ya siku moja utapatikana mchele, atapatikana ng'ombe, na gari la kuwaleta wafiwa. Nauli ya kwenda kwenye matibabu ilikuwa ndogo kuliko ng'ombe huyo. Imamu anayetangaza mchango wa maziko baada ya swala ya Ijumaa anaweza kutangaza pia nauli ya mgonjwa, kwa idhini yake mwenyewe na pasipo kuyataja maradhi yake.