Magogo Hayo Hayakumwona Lincoln Akizaliwa

Hoja za wanaokitetea kibanda cha Hodgenville, Kentucky, mmezisikia. Sasa kaeni kama mahakimu, muupime ushahidi.

Wanaanza kwa kusema kwamba ndani ya lile jumba la mawe lenye ngazi 56 kimo kibanda cha magogo alimozaliwa Abraham Lincoln tarehe 12 Februari 1809. Mashahidi wao ni wazito: Rais Theodore Roosevelt aliweka jiwe la msingi mwaka 1909, na Rais Taft akalizindua jumba mwaka 1911. Lakini rais hathibitishi umri wa gogo kwa kuweka jiwe. Gogo hujieleza lenyewe. Mwaka 2004 wataalamu walichunguza pete za ukuaji katika magogo hayo, wakakuta ni ya miti ya miaka ya 1840. Wakati huo Lincoln alikuwa mtu mzima, wakili huko Illinois.

Wakibanwa hapo, hubadili kauli: basi si kibanda kizima, ila baadhi ya magogo yalitoka kwenye nyumba ile ya zamani. Angalieni walivyorudi nyuma, kutoka “hiki ndicho” hadi “baadhi yake”. Hata hayo baadhi, tuyafuate yalikopita. Mfanyabiashara A. W. Dennett alinunua shamba alikozaliwa Lincoln mwaka 1894, kisha akanunua kibanda kilichokuwa kwa jirani, kikavunjwa na kujengwa upya shambani. Mwaka 1897 kikavunjwa tena, kikapelekwa kwenye maonyesho ya Nashville pamoja na kibanda kilichodaiwa kuwa cha Jefferson Davis, adui mkuu wa Lincoln vitani. Baadaye magogo ya vibanda vyote viwili yalilundikwa ghalani New York, yakachanganyika. Na jumba lilipojengwa, kibanda kikapunguzwa ili wageni wapate nafasi ya kukizunguka! Mahakama gani ingepokea kielelezo kilichochanganywa, kisha kikakatwa?

Dai la tatu ndilo linaloniuma zaidi: kwamba kibanda kinaonyesha ufukara wa kutupwa. Thomas Lincoln, baba yake, alilinunua shamba hilo la Sinking Spring mwaka 1808 kwa dola 200 taslimu. Fukara wa kutupwa angezitoa wapi? Kilichomsumbua ni hati za ardhi za Kentucky, zilizogongana mno hata mnunuzi akaweza kupoteza shamba alilolilipia. Mwaka 1816 alihamia Indiana, na mwanawe alikuja kutaja migogoro ya hati, pamoja na utumwa, kuwa sababu. Mwana huyo ndiye aliyetia saini, tarehe 20 Mei 1862, sheria ya kumpa mlowezi ekari 160 akiishi na kulima hapo miaka 5. Historia hiyo ya ardhi na hati ina uzito kuliko gogo lolote, nayo hufunikwa na hadithi ya kibanda.

Wanamalizia kwa kusema: kiachwe kama ishara. Sawa, kiachwe. Hata idara ya hifadhi za taifa ya Marekani inakiita kibanda cha ishara. Ila asiyepinga neno hilo asiendelee kuwaambia watoto, “Alizaliwa humu.” Achague moja. Anayetaka kuwaonyesha kitu kilichokuwapo mwaka 1809 awapeleke kwenye chemchemi iliyolipa shamba jina lake, ingalipo.