Mama Yake Musa Alilipwa Mshahara

Kila Desemba tunakodi basi, tunalijaza mchele, unga na sabuni, tunakwenda kwenye makao ya watoto. Tunaimba, tunaomba, tunapiga picha, kisha tunarudi tukisema tumetimiza Yakobo 1:27. Wapendwa, hatujatimiza.

Yakobo aliwataja yatima na wajane pamoja. Sisi tumewatenganisha: mtoto yuko makao, na mama yake mjane tumemwacha kijijini na njaa yake. Maana watoto wengi walio katika makao hapa Kenya wana mzazi aliye hai, au nyanya, au shangazi. Wengi wao walifikishwa pale na umaskini. Tunapopeleka sadaka yetu yote makao, tunamwambia mama maskini kwamba mwanawe atashiba akikubali kumwacha.

Someni Kutoka 2. Binti Farao alipomtoa Musa mtoni, alimkabidhi kwa mwanamke amnyonyeshe kwa mshahara. Na mwanamke huyo alikuwa mama yake mzazi. Fedha ya ikulu iliingia katika nyumba ya maskini, na mtoto akalala kifuani pa mamaye. Binti Farao hakujua alichokifanya. Sisi tunaojua tuna udhuru gani?

Wapo watakaosema kuna nyumba za vipigo na ulevi. Ni kweli, na mtoto asirudishwe huko. Lakini anayekosa nyumba njema hutafutiwa nyumba njema. Esta alifiwa na wazazi, Mordekai jamaa yake akamlea kama binti yake. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 inaruhusu malezi ya kambo na kuasili, na mkakati wa serikali wa 2022 hadi 2032 unataka watoto watoke makao waingie katika familia. Serikali imetutangulia katika kazi iliyokuwa yetu.

Sisemi tuwakatie chakula walioko makao leo. Wale, na huku wakitafutiwa jamaa zao kwa msaada wa afisa wa watoto.

Lakini kabla ya kukodi basi mwaka huu, wazee wa kanisa wajibu: ni nyanya gani katika ushirika wetu analea wajukuu peke yake? Anadaiwa karo kiasi gani? Na wewe unayesoma, mwenye chumba kisicholaliwa na mtu, umekiwekea nani?