Hesabu za Matoleo
Aghalabu mtu alionapo toleo la programu limeandikwa 3.10 hulidhani limetangulia 3.9, kwa mazoea ya desimali, ilhali nukta hapo ni kitenganishi tu, na kumi huja baada ya tisa: nambari ya kwanza hutaja mageuzi makubwa, ya pili nyongeza, na ya tatu, ikiwapo, masahihisho ya kasoro. Ajabu kuliko zote ni kaida ya Profesa Donald Knuth wa Marekani, ambaye programu yake ya kupangia chapa, TeX, kila isahihishwapo huongezewa tarakimu moja ya pai, nayo mwaka 2021 ilifika 3.141592653; na ameusia kwamba akifariki nambari iwe pai yenyewe, na kasoro zitakazosalia zihesabiwe kuwa sifa, wasia ambao, nadhani, watengenezaji wengi wa leo wanautekeleza wangali hai.